Seti ya ving'oa bolti: kimoja kimenivunjikia ndani ya tundu

Kama bolti yako imekatika kwa kukazwa kupita kiasi na haina kutu, hivi vyuma vitakufaa, tena vizuri. Kama imekatika kwa sababu kutu imeishika, usivinunue. Au basi, vinunue, lakini usivipigilie popote kabla ya kujua mambo ambayo karatasi ya maelekezo haisemi. Hilo linaniudhi kuliko hata chuma chenyewe kuvunjika.

Juu ya boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba vinatoa bolti zenye kutu. Kitu chenyewe ni koni yenye mikato inayozunguka kinyume. Unatoboa katikati ya kipande cha bolti kilichobaki, unaipigilia koni humo, unazungusha kushoto, nayo inazidi kuzama na kung'ata. Lakini koni inayozama inatanua kuta za bolti! Na bolti yenye kutu tayari imebanwa, kwa kuwa kutu inachukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma ilichokila. Ule uwazi mdogo kati ya hesi za bolti (ile mikato yake ya kuzunguka) na hesi za tundu umeshajaa. Koni inaongeza mbano juu ya mbano. Halafu jiulize: bolti nzima ya M8, yaani yenye kipenyo cha milimita 8, imeshindwa kuhimili nguvu ya spana ikakatika. Kijiti chembamba kuliko hiyo bolti, kigumu kama kioo, kitahimili vipi nguvu ileile?

Yangu ilikuwa M8 kwenye chuma cha kusubu, imekatika milimita moja hivi chini ya uso. Alama ya senta panchi (chuma chenye ncha cha kuwekea alama) katikati kabisa, biti ya milimita 3, kisha ya 5, drili polepole na mafuta. Mafuta ya kupenya yalikuwa yamelala usiku kucha. Nilishika king'oa kwa mpini wa tepu (kifaa cha kukatia hesi) wenye mikono miwili ili nguvu isielemee upande mmoja, kama inavyotakiwa. Mpini ukazunguka kidogo tu, mkono ukadhani bolti imeachia. Haikuachia. Ni king'oa kilikuwa kinajinyonga. Tak! Ukitazama pale kilipovunjika, uso ni wa kijivu, una chembechembe kama sukari. Chuma kigumu hakipindi kwanza kikakuonya, kinakatika tu.

Muuzaji nilimtumia picha. Jibu lake: "Umetumia nguvu nyingi, soma maelekezo." Maelekezo gani? Mistari minne! Hakuna kipimo cha tundu kwa kila namba ya king'oa, hakuna neno moja kuhusu joto. Nilikuwa tayari kuvumilia, nitoe nyota tatu, lakini jibu hilo limezishusha hadi moja.

Ukifika hapa usiendelee kutoboa. Biti ya kawaida haikati king'oa. Inateleza, ncha inaungua, kisha inakimbilia pembeni kwenye chuma laini na kula hesi za tundu. Biti ya kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi, inakikata, ila kwa drili ya mkononi ikiyumba kidogo nayo inavunjika. Kilichosaidia ni ule ule udhaifu wa king'oa: panchi ngumu yenye ncha, nyundo ndogo, mapigo mafupi makali hadi kikapasukapasuka, vipande vikaokotwa kwa sumaku. Miwani ya usalama ni lazima, vipande vinaruka kama vigae.

Bolti yenyewe ilitolewa kwa kuchomelea nati. Futa mafuta yote kwanza kwa kitambaa, na usisafishe kwa ile dawa ya breki yenye klorini, kwa sababu moto wa kuchomelea unaigeuza gesi ya sumu. Nati iliyopakwa zinki isugue kwa grenda kabla, ukivuta moshi wake unaugua. Weka washa, kile kisahani chenye tundu, juu ya kipande kilichobaki, anza kuchomelea katikati ukitoka nje, kisha weka nati juu yake na ujaze ndani. Subiri wekundu uishe, gusisha mshumaa kwenye ukingo: nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya hesi. Nati ya kwanza ikibanduka, na mara nyingi inabanduka, weka nyingine. Kila unapochomelea, bolti inatanuka, inaponda kutu, kisha inasinyaa ikipoa. Yangu ilikubali nati ya pili. Ikalia kriii, ukatokea unga wa kahawia uliochanganyika na nta. Nenda robo mbele, rudi nusu ya robo, mpaka itoke.

Kama kichwa cha bolti bado kipo, huna haja ya boksi hili kabisa. Piga brashi ya waya hesi zinazoonekana, weka mafuta ya kupenya, gonga kichwa kwa nyundo mara kumi au ishirini, acha saa kadhaa, rudia. Tumia soketi yenye pembe sita. Ya pembe kumi na mbili inakula kona za nati. Jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza, maana inavunja ganda la kutu. Ukihisi spana inasogea laini bila mlio, au inarudi kama mpira ukiachia, simama hapo hapo, bolti inaanza kukatika. Lete tochi ya gesi, pasha nati na si bolti, na hakikisha hakuna mafuta ya gari wala mpira karibu. Bolti ya chuma iliyo kwenye aluminiamu, pasha aluminiamu yote kwa usawa. Inatanuka karibu mara mbili ya chuma.

Sasa hizo nyota. Kwa haki, king'oa kikubwa cha seti hiyohiyo kilitoa bolti ya M12 isiyo na kutu bila shida, na kilikuwa kimenyooka na kukata vizuri. Kwa hiyo chuma chao si kibovu. Kibovu ni maandishi ya juu ya boksi. Narudisha nyota moja, ziwe mbili. Viwili vikubwa nimevibakiza. Vidogo vitatu, vya kuanzia M8 kushuka, nimevirudisha na nikadai waondoe neno "kutu" kwenye boksi. Bado sijajibiwa.