Chi ya Watao na nishati ya wanafizikia

Utasikia watu wakisema chi ya Watao, wafuasi wa falsafa ya kale ya Kichina, ndiyo nishati ya wanafizikia, imebadilishwa jina tu. Mimi sikubali.

Nishati ina kipimo. Nyanyua ndoo ya maji ya kilo 10 hadi mita 1 juu: umeipa takriban jouli 98, na hazipotei. Ikikuponyoka, zinageuka mwendo, kisha kishindo, maji kutapakaa na joto kidogo sakafuni. Hesabu lazima ilingane. Chi haina daftari la namna hiyo. Herufi yake ya jadi ya Kichina ina alama ya mvuke juu ya alama ya mchele, na maana yake inagusa pumzi, hewa, uhai, hata hali ya moyo. Upana huo ndio utamu wake.

Yin na yang je, ile jozi ya Kichina ya pande mbili zinazopingana na kukamilishana, ambayo watu huilinganisha na chaji za umeme? Hapo pana jambo. Asili yake ni upande wa kivuli na upande wa jua wa kilima kimoja. Jua likisogea, kivuli nacho kinahama. Chaji chanya na hasi huvutana, kweli, lakini elektroni, chembe yenye chaji hasi, haigeuki chanya jioni ikifika. Nguvu ya uvutano ndiyo kabisa haina jozi: kati ya mawe mawili inavuta tu, haisukumi.

Niels Bohr, mwanafizikia wa Denmark, alikuwa makini zaidi na ulinganisho huu. Mwaka 1947, alipotunukiwa nishani ya Tembo ya Denmark, aliweka duara la yin na yang kwenye nembo yake. Alichokuwa nacho akilini si chaji, bali mambo kama mwanga, ambao jaribio moja huuonyesha kama wimbi na jingine kama chembe.