Blanketi la Kuzimia Moto Jikoni: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja Ukutani

Kwa mwaka mmoja sasa blanketi la kuzimia moto limening'inia jikoni kwangu ndani ya kasha jekundu la plastiki, na kwa bahati njema halijakutana na moto wa kweli. Kwa hiyo ninachoweza kukitathmini ni namna lilivyotengenezwa, namna linavyochomolewa, na iwapo mtu aliyetaharuki anaweza kulitumia pasipo kujiunguza.

Nilichonunua ni kitambaa cha nyuzi za kioo chenye ukubwa wa mita 1 kwa mita 1. Kwa kikaango kinatosha, lakini nilipokitandaza juu ya sufuria pana yenye mpini, mpini uliinua ukingo mmoja na kuacha mwanya, na moto wa mafuta haufi iwapo hewa inaendelea kuingia. Ningeshauri la mita 1.2, na mwenye nafasi achukue la mita 1.8, ambalo huweza pia kumzunguka mtu ambaye nguo zake zimeshika moto.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza siku ya mazoezi. Mtengenezaji ameweka gundi ya kubandikia badala ya skrubu, nami nilipovuta mikanda miwili iliyo chini, kasha zima lilibanduka na kutumbukia kwenye sinki. Nilitoboa ukuta na kulifunga kwa skrubu, na tangu hapo blanketi hutoka kwa mvuto mmoja. Baya zaidi ni kwamba picha ya kwenye karatasi ya maelekezo inaonyesha kasha likiwa juu ya jiko, mahali ambapo mtu angelazimika kupitisha mkono kwenye miali ili alifikie. Langu liko kando ya mlango.

Tulifanya mazoezi kwa kikaango kitupu kilichopoa. Binti yangu mwenye miaka kumi na minne alilishika kwa ncha za vidole, akalirusha kwa mbali, nalo likaangukia pembeni. Jaribio la tatu ndilo lililofaulu: alikunja ukingo wa juu ukafunika mikono yake yote miwili, akaliinua kama ngao, kisha akalilaza taratibu kuanzia upande wake kuelekea mbele, na kuzima jiko mara moja. Baadaye mikono ilituwasha sote, kwa kuwa nyuzi za kioo hunyonyoka, hivyo siku hizi tunafanyia mazoezi shuka kuukuu.

Maelekezo yanasema tu kwamba mtumiaji «asubiri», na hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Mafuta ya kupikia huwaka yenyewe yanapopata joto la nyuzi 350 hivi za Selisiasi, na blanketi huyanyima hewa lakini haliyapozi, kwa hiyo anayelifunua baada ya dakika mbili ili kuchungulia huirudisha hewa, na miali hurudi nayo. Liachwe nusu saa au zaidi, mpaka chombo kipoe kabisa, na kisibebwe kupelekwa nje. Karatasi hiyo haikutaja hata maji, ilhali maji yakimwagwa kwenye mafuta yanayowaka hugeuka mvuke unaotanuka takriban mara 1,700 na kuyarusha mafuta hayo jikoni kote.

Naomba nikiri, ingawa nimeshalipa, kwamba mfuniko wa bati unaoenea vizuri hufanya kazi ileile kwa kikaango kidogo, nami huuweka karibu kila ninapokaanga.

Blanketi hili halimwamshi aliyelala; kazi hiyo ni ya king'ora cha moshi. Wala halimsaidii mtoto aliyejimwagia maji ya moto, ambayo yakiwa na nyuzi 60 huweza kuunguza vibaya kwa sekunde chache tu. Kwa hilo, mpini wa sufuria uelekezwe ukutani, na ajali ikitokea jeraha lipozwe kwa maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, siagi wala dawa ya meno.

Kitambaa chenyewe ni kizuri na ningekinunua tena; alama ninazokata ni za gundi na maelekezo. Nimeshaagiza la mita 1.2 kwa ajili ya jikoni, na hili dogo litahamia kwenye chumba cha kupigia pasi, nalo kwa skrubu.