Wahojiwa wa kununua mtandaoni: tathmini ya huduma niliyoitumia kuwatafuta wachuuzi wa dagaa Mwanza

Utafiti wangu ulihitaji wanawake 300 wanaouza dagaa katika mialo ya Mwanza, yaani fukwe ambako boti hushusha samaki, kuanzia Kirumba hadi Igombe na Kayenze, wajibu dodoso la maswali 42 kuhusu mtaji, mikopo na hasara wanayoipata mvua inapowanyeshea dagaa walioanikwa. Muda ulikuwa umenibana, kwa hiyo nilikodi kampuni ambayo sitaitaja jina. Inajitangaza kuwa ina orodha ya watu waliojiandikisha wenyewe nchi nzima, huwatumia linki ya dodoso kwa ujumbe mfupi au WhatsApp, na humpa vocha ya simu kila anayefika swali la mwisho. Mtafiti hulipia dodoso lililokamilika tu. Mimi nilitozwa shilingi 4,500 kwa kila moja. Mpango huu si mgeni duniani: Amazon ilifungua soko lake la kazi ndogondogo, Mechanical Turk, mwaka 2005, na watafiti wengi wa Marekani wamelitumia kupata wahojiwa bila kutoka ofisini.

Kwa upande wa kasi, sina lawama. Linki ilitoka Jumatatu asubuhi, na kufikia Jumatano jioni idadi ya 300 ilikuwa imetimia. Dodoso lilionekana vizuri kwenye simu ndogo, maswali yasiyomhusu mtu yaliruka yenyewe, na jedwali la majibu lilikuja limepangwa bila haja ya kulisafisha. Aliyewahi kukesha akinakili madodoso ya karatasi kwenye kompyuta ataelewa furaha niliyokuwa nayo jioni ile.

Furaha hiyo ilidumu hadi nilipoanza kuyasoma majibu yenyewe. Niliweka swali moja la wazi, nikiuliza dagaa huanikwa juu ya nini, ambalo mtu yeyote wa mwaloni atalijibu bila kufikiri: mchanga, nyavu chakavu, turubai au chanja. Baadhi ya wahojiwa wangu waliandika kuwa huwaweka kwenye friji, na mmoja alijibu kwa neno moja tu, “ndiyo”. Nilipotazama muda waliotumia, niliona madodoso mengi yaliyokamilika kwa chini ya dakika nne, ilhali mama ninayemhoji ana kwa ana hutumia karibu nusu saa, na hapo sijahesabu mteja anayekuja katikati ya mahojiano. Kulikuwa pia na majibu yaliyofuatana kwa dakika chache, yenye umri uleule, mtaji uleule na makosa yaleyale ya tahajia, ingawa namba za simu zilikuwa tofauti. Mtu mwenye laini tatu alikuwa amejilipa vocha tatu.

Sehemu ya kosa ni yangu, nami naikiri. Swali la kwanza la kuchuja niliandika, “Je, unafanya biashara ya dagaa?” Ukimuuliza hivyo mtu anayesubiri vocha, umeshamwambia jibu la kutoa. Ilinipasa kuorodhesha biashara kumi, dagaa wakiwemo, na kumtaka achague yake pasipo kujua ipi inatafutwa. Hata hivyo, kampuni inayojiita ya kitaalamu ililipitia dodoso langu kabla ya kulituma na haikusema lolote.

Hata kama udanganyifu usingekuwepo, swali la nani amefikiwa lingebaki palepale. Linki humpata mwenye simu janja, bando, uwezo wa kusoma kwa haraka na nafasi ya kukaa chini, wakati wanawake niliowakusudia wengi wao wana kitochi, na saa za asubuhi mikono yao imelowa maji ya samaki. Kuongeza idadi ya majibu hakuliondoi tatizo hili, kwa kuwa anayekosekana katika 300 atakosekana vilevile katika 3,000. Wapo wanaoshauri fomu ya bure ya Google isambazwe katika makundi ya wafanyabiashara. Nayo ina mtego wake: ukitaka kila mtu ajibu mara moja tu, ni lazima aingie kwa akaunti yake ya Google, na mama ambaye akaunti yake ilifunguliwa na fundi simu hana hata habari ya nywila.

Hatimaye nilitumia KoboToolbox, mfumo wa kukusanyia majibu ya dodoso kwa simu au kishikwambi, pamoja na wadadisi wawili wanaozungumza Kisukuma na Kikerewe. Programu yake ya simu huyahifadhi majibu pasipo mtandao na kuyatuma unapopatikana, jambo ambalo kwa mtu anayevuka kwenda Ukerewe ni la lazima. Dodoso moja hubeba lugha zaidi ya moja, na unaweza kuweka vikomo ili mtaji wa shilingi 50 au umri wa miaka 190 ukataliwe papo hapo. Kishikwambi chenyewe hakikumshtua mtu, kwa sababu sensa ya mwaka 2022 ilishawazoesha. Wengine waliuliza kama tumerudi kuwahesabu tena.

Ni huko mwaloni nilipogundua kasoro ambayo hakuna jedwali lingenionyesha. Swali la 17 liliuliza mtu hupata kiasi gani kwa mwezi. Mama mmoja wa Igombe alinitazama kwa huruma akasema, “Mwanangu, kwenye mwezi hapa hatupati kitu.” Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa; mbalamwezi ikiwaka, taa hupoteza nguvu, wavuvi wengi hupumzika na biashara husinyaa. Mimi niliuliza mwezi wa kalenda, yeye akajibu mwezi wa angani, na wote wawili tulikuwa sahihi. Tulibadilisha swali likawa la giza moja, yaani kuanzia boti zinapoingia ziwani hadi mwezi unapozirudisha, na majibu yakaanza kueleweka. Tangu hapo ratiba yetu ya mahojiano iliufuata mwezi huohuo, kwa maana siku za mbalamwezi ndizo ambazo wachuuzi huwa na nafasi ya kuzungumza.

Lipo pia suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe amesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kuzipeleka taarifa hizo nje ya nchi. Niliiuliza kampuni ile namba za wahojiwa wangu zinahifadhiwa wapi, nikajibiwa “kwenye mfumo salama”. Ukurasa wa ridhaa nao ulikuwa wa Kiingereza tupu, mbele ya dodoso la Kiswahili, hadi nilipodai utafsiriwe.

Ninaipa huduma hii nyota mbili kati ya tano. Anayechunguza wanafunzi wa vyuo wa Nyegezi au wateja wa miamala ya simu katikati ya jiji huenda akaridhika nayo, kwa kuwa watu hao kweli wanaishi na simu mkononi. Katika majibu yangu 300 nilibakiza 87, na yaliyobaki niliyalipia bila kuyatumia. Atakayeamua kuwakodi adai katika mkataba, kabla ya kulipa, faili linaloonyesha saa ya kuanza na saa ya kumaliza kwa kila dodoso. Mimi nililipata siku ya 19, baada ya barua pepe nne.