Malori na Magari ya Zamani kwa Treni ya Mezani: Yapi Uanze Nayo

Kabla hujatoa pesa, chukua rula. Wengi wanaoanza kukusanya magari ya zamani ya kuchezea ili wayapange kando ya treni yao ya mezani hutazama rangi, kisanduku na umri. Urefu hawaupimi. Wakifika nyumbani wanaliegesha lori mbele ya stesheni, na paa lake linapita mlango wa ghala. Lori ni zuri, stesheni ni nzuri, ila havikai pamoja.

Orodha yangu hii, kuanzia yanayofaa zaidi, ni ya mwenye treni za Kiingereza za OO, zinazopita kwenye reli ya upana wa milimita 16.5 na kuundwa kwa kipimo cha 1:76. Ndizo nilizo nazo mimi: stesheni ndogo ya shamba ya miaka ya 1950, jukwaa moja, ghala la mizigo na uwanja wa makaa ya mawe. Wenye treni za vipimo vingine, O na HO, nitawagusia baadaye.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tafuta urefu wa gari halisi kwa milimita, ugawe kwa 76. Land Rover fupi ya Series II ilikuwa na milimita 3,617, kwa hiyo kigari chake kinatakiwa kiwe na milimita 48 hivi. Basi la ghorofa la London la aina ya RT lilikuwa na futi 26. Mezani litakuwa na sentimita 10 na kidogo. Basi la kwanza la Matchbox, namba 5, lina sentimita 5 tu. Ukilipanga kwenye jukwaa, abiria wako hawataingia mlangoni.

Nafasi ya kwanza: Dublo Dinky

Magari haya yana historia inayonigusa. Mapema miaka ya 1930 kiwanda cha Meccano cha Frank Hornby, pale Binns Road, Liverpool, kilianza kutengeneza vitu vya kujaza stesheni za treni zake za O: wapagazi, abiria, mifugo, na hatimaye magari. Mwaka 1934 magari hayo yakapewa jina la Dinky Toys, na baada ya muda yakawa mashuhuri kuliko treni zilizoyazaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kiwanda kilekile kikarudi kwenye wazo la mwanzo, kikatoa vigari vidogo kwa ajili ya treni zake za OO, zilizoitwa Hornby Dublo. Kwa hiyo hapa hununui gari ulilobahatisha tu kwamba litafaa. Stesheni ndiyo kazi lililotengenezewa.

Anza na lori la Austin, namba 064, na gari la posta la Royal Mail, namba 068. Lori liegeshe kwenye ghala, la posta mlangoni pa stesheni, na mara moja utaona mahali pamepata watu. Teksi ya Austin, namba 067, ifuate. Mwenye shamba karibu na reli atafute trekta la Massey-Harris-Ferguson, namba 069.

Yana kasoro zake. Mengi ya mwanzo hayana vioo, na magurudumu yake ni ya plastiki ya kijivu isiyo na kashata. Aina zake hazifiki ishirini, kwa hiyo huwezi kujaza mtaa mzima bila kurudia. Yenye kisanduku bei yake hupanda sana, wala sioni sababu ya kuilipa kama gari litakaa mezani. Nunua lililochezewa, lenye rangi yake ya asili hata kama imebanduka kidogo. Lori la makaa ya mawe la miaka ya 1950 halikuwa linang'aa.

Ya pili: Matchbox za 1953 hadi 1969

Hapa ndipo pesa kidogo inaponunua furaha nyingi. Kampuni ya Lesney ya London ilianza mfululizo huu mwaka 1953. Jack Odell, mmoja wa wenye kampuni, alikuwa amemtengenezea binti yake kigari cha kuingia kwenye kisanduku cha kiberiti, kwa kuwa shuleni kwao kilichozidi hapo hakikuruhusiwa. Lakini kisanduku hichohicho ndicho tatizo letu: kila gari lilipunguzwa mpaka liingie, liwe basi au skuta. Hakuna kipimo kimoja. Magari madogo ya abiria mara nyingi huzidi 1:76, na malori makubwa hupungua.

Basi tumia udhaifu huo. Yaliyo makubwa kidogo yapange mbele, karibu na macho ya mtazamaji. Malori yaliyopungua yapeleke nyuma, kwenye barabara inayopanda kilima. Jicho litadhani ni umbali. Mimi nimelipeleka lori la saruji la Albion Chieftain, namba 51, hadi kwenye kona ya mwisho kabisa, na kila mgeni huniuliza barabara ile inakwenda wapi. Gari la kuhamisha samani la Bedford, namba 17, nalo hufanya kazi nzuri huko nyuma. Land Rover ya kwanza, namba 12, yenye dereva ameketi, iweke mbele. Aliyekulia Tanzania au Kenya miaka ya 1960 na 1970 atazijua sura za Bedford na Land Rover kabla hata ya kusoma jina.

Kutambua umri, geuza gari utazame magurudumu. Ya kwanza ni ya chuma, yakafuatia ya plastiki ya kijivu, kisha ya plastiki nyeusi. Mwaka 1969 yakaja ya Superfast, ya kuteleza kwa kasi, na hayo kwenye stesheni ya miaka ya 1950 yaache. Yaliyochezewa, bila kisanduku, hupatikana kwa pauni chache kwenye magulio ya wakusanyaji.

Ya tatu: Oxford Diecast na EFE

Si ya zamani. Ni mapya yenye sura ya zamani. Lakini kipimo ni 1:76 kamili, vioo vipo, maandishi ubavuni yanasomeka. Kama unahitaji basi la ghorofa la urefu wa kweli, nunua EFE na usisumbuke. Tatizo ni kwamba yakisimama bega kwa bega na Dublo Dinky huyafanya ya zamani yaonekane makavu. Yatenganishe, kila kundi na mtaa wake.

Lledo Days Gone nayaweka ya nne. Jina ni Odell lililosomwa kinyume, maana ndiye aliyeianzisha, na ni rahisi kupita zote. Kipimo hubadilika gari hadi gari, na matangazo ubavuni ni mengi mno. Chukua moja au mawili, rula mkononi.

Ya mwisho kwa OO ni Dinky na Corgi za kawaida, za 1:43 hadi 1:48. Mwenye treni ya O, iwe Hornby ya zamani au Lionel ya Marekani yenye 1:48, aigeuze orodha yangu juu chini: kwake malori makubwa ya Foden na Guy ya Dinky Supertoys ndiyo kwanza, akiyaweza kwa bei. Na mwenye HO ya Kijerumani aende moja kwa moja kwa Wiking, vigari vya plastiki vinavyofaa treni zake.

Unaponunua

Niliwahi kulipa bei ya rangi ya asili kwa gari lililopakwa upya. Sasa hutazama ribiti za bati la chini kwanza: zikiwa zimetobolewa kwa keekee au kuna skrubu, gari limefunguliwa. Tazama pia ncha za ekseli na pembe za ndani. Rangi mpya hujaa kwenye mifereji na kufuta maandishi madogo. Visanduku vya kunakili ni vingi, na karatasi yake huwa nyeupe mno kwa ndani.

Kwa Dinky za kabla ya Vita Kuu ya Pili, ogopa ugonjwa wa chuma. Aloi ya zinki iliyochanganyika na risasi huvimba, hupinda na kupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Hauna dawa. Hata kama muuzaji anapunguza bei, rudisha mezani.

Na ukikutana na Land Rover ya Dublo Dinky yenye tela la farasi, namba 073, chungulia ndani kabla ya kuuliza bei. Farasi ndiye anayepotea kwanza.