Fundi wa fremu wa Langoni, Lamu, kwa mnaotuma kazi zenu za uchoraji kwa majaji wa maonyesho mara ya kwanza

Nianze na bei manake najua ndo mnataka kujua kwanza. Kupigiwa picha kazi moja ni shilingi 300, fremu ya kawaida saizi ya A3 inaanzia 1,800, ukitaka ile ya mbao za majahazi ya zamani jiandae kuongeza karibu mara mbili, na kukusaidia kuchagua kazi gani utume ni bure. Hiyo ya bure ndo imenifanya niandike, hizo zingine unazipata kwa mafundi wengi tu hapa Lamu.

Duka liko Langoni, ndani kidogo ukiacha Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, halina bango na mzee mwenyewe hapendi kutajwa mitandaoni, wewe uliza fundi wa fremu watoto watakuonyesha.

Mimi nilikua natuma kwa maonyesho fulani ya Nairobi, yale ambayo huingii kwa kujuana, kuna jopo la majaji wanachuja, unajaza fomu onlaini, unalipa ada ambayo hairudi hata ukikataliwa, na unaruhusiwa kazi tatu tu. Sasa mtu akiambiwa tatu, akili inakimbilia kutoa moja ya kila aina, mlango wa nakshi mmoja, jahazi moja na jua linazama, sura ya bibi mmoja, waone huyu anajua vyote. Mzee aliniambia nilete kila nilicho nacho, hata zile nimezigeuza ukutani kwa aibu, akatandika mkeka tukazipanga zote chini. Hakusema hii nzuri hii mbaya, alikua anauliza tu. Akifika kwa jahazi, "Mwanangu, hini wamchorea nani?" Nikasema inauzika sana msimu wa wageni. Akaisogeza pembeni bila neno.

Hapo mimi na yeye tunatofautiana kidogo, jahazi sio dhambi, tumezaliwa nayo na ukiichora kwa jicho lako itakubalika kokote. Ila yangu ile kweli ilikua ya kumuuzia mgeni kabla hajapanda boti ya kwenda Manda kwa ndege, na jaji anayepitia mamia ya picha ameshaona jua la namna hiyo likizama mara nyingi kuliko nahodha.

Zilizobaki katikati ya mkeka ni zile za boriti, marundo ya mikoko yanavyopakuliwa na wanaume wenye matope mpaka kifuani, nimezichora kwenye vipande vya tanga kuukuu, na mshono wa tanga unaonekana. Ziko sita. Kwa macho yangu ile kubwa ndo ilikua mfalme, kila anayekuja nyumbani anaisifu. Mzee akazipiga zote na simu, akazipunguza mpaka zikawa ndogo kama stempu, akanipa simu nichague tena. Ile kubwa ikapotea kabisa, matope na mashua na watu vyote rangi moja ya udongo, manake nguvu yake iko kwenye ukubwa na mguso wa rangi, vitu ambavyo skrini haivioni. Mbili ndogo zikaruka mbele zenyewe. Na raundi ya kwanza ya maonyesho mengi siku hizi majaji wanaangalia skrini, jina lako halionekani, wewe haupo pale kueleza, kwa hiyo picha ijisemee. Wanaopenda kazi kwa ukubwa wake wakumbuke hilo.

Ya tatu ndo ilichukua muda. Nilitaka niweke mlango ili kubadilisha ladha, akakataa katakata, akasema zikiwa tatu zikae kama zimetoka mkono mmoja na mwaka mmoja, jaji ajue akikuita leo na kesho utaleta kitu cha namna hiyo hiyo. Nilibisha sana hapo. Lakini nilipoziona tatu za boriti pamoja, nyumbani, usiku, mlango ungeharibu. Kitu kingine alichoniuliza ambacho sikutegemea kwa fundi wa mbao: je, yoyote umekopi kwa picha ya mtu mwingine? Manake maonyesho mengi yanakataa kazi iliyonakiliwa kwa picha ambayo hukuipiga wewe, na mengine hayapokei kazi ya darasani wala ya zamani iliyopita miaka miwili mitatu. Someni masharti jamani, kabla hata ya kupenda kazi yako soma masharti.

Upande wa kupiga picha, hapa nampa tano juu ya tano. Anapigia barazani kivulini asubuhi, flashi hagusi. Kazi inasimama wima, kamera iko usawa wa katikati ya kazi, anarudi nyuma halafu anazumu, kwa sababu ukisogea karibu na simu kingo zinapinda na mstatili wako unakua kitu kingine. Kama ina kioo anatoa kioo kwanza. Anaweka kikaratasi cheupe pembeni cha kurekebishia rangi. Mimi nilikua nimevaa dera la rangi ya machungwa akanifukuza nisimame mbali, eti rangi ya dera inaakisi kwenye picha, nikacheka lakini nikaangalia nikaona kweli. Mwisho anakata kila kitu ibaki kazi tupu, hakuna ukuta wala fremu.

Sasa lawama. Kwanza faili alinitumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na WhatsApp inabana picha mpaka inapoteza nusu ya uzuri, fomu yangu ikagoma ikasema pikseli hazitoshi. Mwambieni atume kama dokumenti au nendeni na flashi diski. Pili anapenda kukoleza rangi, bluu ya bahari ilitoka kama ya tangazo la soda, nikamrudisha apunguze, na hili ni muhimu kwa sababu kazi ikifika haifanani na picha uliyotuma wanaweza kuikataa mlangoni. Tatu kadibodi anayoweka kati ya picha na kioo ni ya kawaida, yenye asidi, kwa unyevu na chumvi ya hapa itageuka njano na madoa ya kahawia, mimi niliagiza ya kwangu isiyo na asidi. Na kuchelewa, eh, akikwambia Jumatano usiulize Jumatano ya lini.

Kuhusu kioo alinishauri akriliki, ile plastiki angavu ya kuweka badala ya kioo, na maonyesho mengi yanayopokea kazi za kusafirishwa yanakataa kioo kabisa. Fikiria safari ya kutoka hapa, boti mpaka Mokowe, halafu basi mpaka Mombasa, halafu Nairobi, kioo kinafika mchanga. Nyuma anafunga pete mbili na waya, sio ile kamba ya kutundikia ya dukani.

Bei za kuuzia hakunisaidia, alisema hilo si lake. Nilipiga hesabu mwenyewe, galari nyingi zinakata asilimia 30 mpaka 50, toa fremu na usafiri, ukiona unabakiwa na nauli tu panda bei au usitume hiyo.

Majibu yangu bado hayajatoka na nimeandika sasa makusudi, nikikubaliwa ningemsifu kupita kiasi na nikikataliwa ningemtafutia makosa. Majaji nao ni watu, Paris mwaka 1863 majaji wa Salon, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kule, walikataa kazi nyingi sana mpaka ikabidi yafunguliwe maonyesho ya waliokataliwa, na mchoraji Manet alikua humo. Nilimsimulia mzee, akasema, "Na ada walirudishiwa?"

Nyota nne. Ijumaa hafungui mpaka baada ya swala, na ukiwa na kazi kubwa pita njia ya ufuoni usikate vichochoroni, punda mwenye shehena ya mawe hapishi mtu. Nendeni mapema msimu wa kaskazi haujaanza, wageni wakishajaa anashughulika na vioo vyao vya nakshi na nyinyi mtasubiri barazani.