TAHADHARI: Chesi "mpya" zenye matundu yaliyozibwa kwa puti

Ndugu zangu mlioko Uingereza mnaopenda kuunda magari wenyewe, hasa haya ya mtindo wa Lotus Seven, kigari cha wazi cha michezo, kuna mtu anauza chesi (fremu za gari) za miradi iliyoishia njiani. Tangazo linasema "haijatobolewa, rangi ya poda ya kiwandani". Ni uongo. Jamaa yangu ameshalipa, na mimi nikaitwa kuikagua pesa zikiwa zimekwenda.

Mabomba ya chini, pale bati la sakafu la alumini linapofungwa kwa ribiti (pini za kubania bati), yametobolewa safu mbili. Inaelekea aliyeanza kazi alipima vibaya, bati likakataa kukaa, akatoboa tena pembeni. Hilo humpata fundi yeyote. Wizi ni kilichofuata: matundu ya kwanza yamejazwa puti ya bodi, ile ya kusawazishia mabonde ya gari, yakapigwa msasa, yakapuliziwa rangi nyeusi ya kopo. Kwa macho huoni kitu. Kwangua kwa kisu, utakutana na mashimo yamejipanga kama ubao wa bao.

Kuna atakayesema tundu la ribiti ni dogo. Haya, tupige hesabu. Bomba la mraba la milimita 25, tundu la milimita 4.8: upande huo umeshapoteza karibu moja ya tano ya upana wake. Weka tundu la pili ubavuni mwa la kwanza, inakaribia mbili ya tano, na unene wa chuma chenyewe ni kama milimita moja na nusu tu. Likiwa katikati ya upande, mbali na viungo, pengine lisikusumbue. Likiwa karibu na kona, au pale mikono ya sasipensheni na mikanda ya viti inaposhikiliwa, usilichukulie kirahisi. Tena puti hunyonya unyevu, kwa hiyo kutu inaanzia ndani usikoona.

Ukienda kuangalia chesi, beba sumaku ndogo sana, maana haishiki kwenye puti. Kubwa itakudanganya kwa kushika chuma cha pembeni. Beba na kitambaa chenye asetoni, ufute mara moja sehemu iliyofichika: poda iliyookwa haiachii weusi kirahisi, rangi ya kopo inaachia papo hapo. Aliyetumia rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) atakuponyoka hapo, ndiyo maana kipimo cha unene wa rangi kinasaidia. Lala chini uangalie mabomba ukiyamulika kwa tochi kutokea ubavuni. Huyu bwana anapenda kuonyesha mali jioni, na mabati ya sakafu ameshayafunga, eti amekupunguzia kazi.

Akibanwa, ana biashara ya pili: anakuuzia "poda ya kopo" ya kurekebishia. Jamani, poda hupuliziwa ikiwa kavu, imetiwa chaji ya umeme, kisha chuma kinaokwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi. Kopo lake ni rangi ya kawaida yenye bei isiyo ya kawaida. Na msikimbilie kuipeleka chesi kupakwa poda upya puti ikiwa bado imo. Puti ya kawaida haihimili tanuri hilo.

Matengenezo ya kweli ni haya. Toa puti yote, ondoa poda kuzunguka tundu mpaka chuma king'ae, maana poda ikiungua inatoa moshi mbaya na kuharibu uchomeleaji. Ziba kwa kipande cha chuma, chomelea kwa miguso mifupi ili bomba lisipinde, saga, paka praima ya epoksi na rangi, kisha pulizia nta ndani ya bomba. Tundu moja moja lisilobeba mzigo linatosha kuzibwa kwa ribiti isiyopitisha maji na gundi ya kuzuia unyevu. Safu nzima kama ya jamaa yangu? Kata kipande hicho cha bomba, weka kingine, na kazi hiyo mpe mchomeleaji anayezijua chesi. Kabla ya kusajiliwa gari litapita ukaguzi wa IVA, yaani wa kuidhinisha gari moja moja, na vishikizo vya mikanda ni miongoni mwa vitu vinavyoangaliwa.

Kuhusu pesa: kama mlilipa kwa kuhamisha benki, benki itawaambia huo ni mgogoro wa mnunuzi na muuzaji. Hifadhini picha ya tangazo lenye neno "haijatobolewa", kwa sababu hata muuzaji binafsi anawajibika mali ifanane na maelezo yake. England na Wales, madai yasiyozidi pauni 10,000 kwa kawaida huenda mahakama ya madai madogo. Jamaa yangu ameanza na barua ya madai.

Tangazo limeshafutwa na kurudi kwa akaunti nyingine. Safari hii chesi ni ya kijivu, na picha za chini hakuna.