Uzoefu wangu: chupa sita za rangi za Pennsylvania, na wekundu mmoja ulionitoa jasho

Nina modeli tano za mabehewa ya mizigo ya aina ya X29 ya Pennsylvania Railroad, shirika la zamani la reli la Marekani, skeli ya HO, yaani 1:87, kila kipimo kikiwa moja ya 87 ya behewa la kweli. Mabehewa yalikuja yakiwa plastiki tupu ya kijivu, na ndiyo sababu nikanunua seti hii: chupa sita za rangi ya akriliki zilizoandikwa majina ya rangi za shirika hilo moja la reli. Kuna nyekundu ya mabehewa ya mizigo, nyekundu ya mabehewa ya abiria, kijani cha injini, kijivu, nyeusi na nyeupe. Mtengenezaji simtaji. Nina malalamiko, na huenda mimi niliangukia chupa za siku mbaya.

Nianze na mazuri yasije yakasahaulika. Rangi ni laini na haikuziba brashi ya hewa, kile kifaa cha kupulizia rangi, hata mara moja. Niliipuliza kwa mgandamizo wa bar 1 hivi, kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15, na makoti mawili mepesi yakatosha kufunika praima, yaani rangi ya msingi. Kwa X29 hilo si jambo dogo. Ni behewa la chuma lililoanza kuundwa 1924, na ubavu wake umejaa safu za ribiti, vile vichwa vya pini zinazounga mabati, toka juu hadi chini. Rangi nzito ingezimeza zote, ukabaki na mche wa sabuni wenye magurudumu. Hapa ribiti zangu unaweza kuzihesabu.

Kijani cha injini ndiyo chupa bora ya seti nzima. Pennsylvania walitumia kijani kilichokolea mno, wapenzi wa treni hukiita Brunswick green, na nilipofungua kifuniko niliapa nimepakiwa nyeusi mbili. Nikadondosha tone la kila chupa kwenye kadi nyeupe, nikatoka nayo juani. Tone moja likabaki nyeusi ya makaa. La pili likaonyesha ukijani wa chinichini, unaouona ukigeuza kadi na unaopotea ukiituliza. Ndivyo inavyotakiwa. Nyekundu ya mabehewa ya abiria, Tuscan red, nayo imepatia. Sisi jina lake tunalo tayari, damu ya mzee.

Sasa tuje kwenye nyekundu ya mizigo.

Mabehewa mawili ya kwanza niliyapuliza siku moja. Chupa ikaisha, nikafungua nyingine ya jina lilelile na lebo ileile, nikamaliza matatu yaliyobaki. Usiku chini ya balbu ya mwanga wa njano nikayapanga yote matano kwenye reli, nikaridhika, nikalala. Asubuhi nikafungua pazia. Mawili yalikuwa rangi ya tofali, matatu rangi ya ugoro. Nikarudi kuwasha balbu, nikaziba dirisha: yote sawa tena, kama ndugu wa tumbo moja. Nikafungua pazia: tofali na ugoro.

Huo si uchawi. Rangi mbili zinaweza kuchanganywa kwa unga wa rangi tofauti, zikarudisha mwanga wa balbu kwa namna inayofanana machoni, halafu mwanga wa mchana wenye ubuluu mwingi ukazitenganisha. Nilipotazama chini ya chupa niliona namba za matoleo hazifanani. Yaani kiwandani walibadilisha mchanganyiko na lebo wakaiacha palepale. Tangu siku hiyo naangalia namba ya chini kabla ya kufungua chupa yoyote, na mabehewa ya treni moja nayapiga rangi chini ya taa ileile itakayoyamulika yakiwa kwenye reli. Ningelijua hilo mapema ningeokoa wikendi mbili.

Lakini swali lililonikosesha usingizi lilikuwa jingine: kati ya tofali na ugoro, ipi ni ya Pennsylvania?

Zote mbili. Wekundu wa mabehewa ya mizigo ulitoka kwenye oksidi ya chuma, ambayo kwa lugha ya nyumbani ni kutu iliyosagwa. Ilikuwa rahisi kununua na haikupauka upesi juani, kwa hiyo mashirika mengi ya reli ya Marekani yakaishia kwenye wekundu wa familia moja. Pennsylvania hawakukaa kwenye kivuli kimoja miaka yote. Mabehewa yao ya zamani yanaelekea uchungwa, ya miaka ya baadaye yanaelekea hudhurungi. Lebo ya chupa yangu inasema tu ni ya mabehewa ya mizigo, haitaji hata muongo, na hapo ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Stika zangu zina nembo iliyo ndani ya duara, ile iliyotumika kabla ya shirika kuhamia nembo yenye kivuli katika miaka ya 1950. Ukibandika nembo hiyo juu ya ugoro wa miaka ya mwisho, umemvika babu sare ya mjukuu.

Mtu ataniambia tazama picha za zamani. Nimezitazama mpaka macho yakauma. Filamu nyingi za mwanzo za picha zisizo za rangi hazikuhisi mwanga mwekundu, kwa hiyo behewa la rangi ya kutu linatoka jeusi tititi. Kodachrome, filamu ya picha za rangi, ilianza kuuzwa 1935, na slaidi zake zikihifadhiwa gizani hudumu vizuri, lakini hata slaidi nzuri inakuonyesha behewa lililokwisha kula moshi wa makaa miaka kadhaa, limepigwa jua mpaka uso wa rangi umekuwa unga. Hiyo si rangi iliyotoka kwenye ndoo ya karakana. Simu ndiyo usiiulize kabisa: inajirekebishia weupe yenyewe, na behewa lilelile nimelipiga picha mara tatu nikapata wekundu wa aina tatu. Shirika lenyewe liliungana na shirika jingine la reli, New York Central, mwaka 1968, na behewa la makumbusho linaweza kuwa limepakwa upya mara kadhaa tangu hapo.

Mabingwa wa zamani walikuwa na kanuni zao za kuchanganya, chupa fulani sehemu mbili, fulani sehemu moja. Tatizo ni kwamba kanuni nyingi ziliandikwa kwa rangi za Floquil, na Floquil iliacha kutengenezwa 2013. Ni kama kuachiwa ramani ya mtaa uliobomolewa.

Kwa hiyo nikachanganya mwenyewe, kwa kuhesabu matone. Matone 20 ya ile nyekundu ya ugoro, matone 3 ya rangi ya chungwa kutoka chupa yangu nyingine, na tone 1 la nyeupe. Hilo la nyeupe lina sababu. Natazama mabehewa yangu kwa umbali wa sentimita 60 hivi, na kwa skeli ya 1:87 hiyo ni kama kusimama mita 52 kutoka kwenye behewa la kweli. Wapo wanaoamini kuwa kwa umbali huo hewa hupunguza makali ya rangi. Ukiweka rangi halisi ya ndoo kwenye kitu kidogo hivyo, kinaonekana kizito na cheusi kuliko inavyopaswa. Wapo wanaokataa jambo hili katakata, wanasema rangi ni rangi. Mimi nililiamini nilipoweka behewa lenye tone na lisilo na tone ubavu kwa ubavu. Tone la pili la nyeupe, hata hivyo, liligeuza kila kitu kuwa waridi lililochakaa, basi kuweni na kiasi.

Mchanganyiko niliujaribu kwenye vipande vya plastiki vyenye praima ileile ya kijivu, nikaandika namba nyuma ya kila kipande, nikasubiri hadi kesho yake. Akriliki ikikauka huwa nzito kidogo kuliko ikiwa mbichi, na kulinganisha rangi mbichi ni kujidanganya. Nilifanya hivyo kwa vipande vinne vya kwanza na vyote vikaenda jalalani.

Kosa langu la mwisho ni la mng'ao, na hili halihusiani na mtengenezaji. Rangi ya seti hii hukauka bila kung'aa. Stika za kulowesha majini zinataka uso laini unaong'aa, vinginevyo hewa hubaki chini yake na pembeni panakuwa na ukungu mweupe. Nikapuliza vanishi ya kung'aa, na wekundu nilioutesekea ukageuka kuwa mzito mbele ya macho yangu. Nilikaribia kulia. Nilipoweka vanishi isiyong'aa juu ya stika ukarudi, ingawa si wote. Ningekuwa mwerevu, vile vipande vya majaribio ningevipitishia vanishi zote mbili kabla ya kuchagua.

Je, ningenunua tena? Kijani, Tuscan na kijivu ningenunua chupa moja moja bila kufikiri mara mbili. Nyeusi na nyeupe ni za kawaida, utazipata popote. Nyekundu ya mizigo ningeinunua nikijua nanunua msingi wa kuchanganyia, tena chupa zote siku moja, namba ya chini ikiwa moja. Nyota tatu kati ya tano; wakiandika mwaka kwenye lebo nitaongeza ya nne.

Mabehewa manne sasa yana mchanganyiko wangu. La tano nililiacha na ugoro wake, nikalibandika nembo ya baadaye yenye kivuli na namba tofauti, nikaliweka la pili kutoka mwisho wa treni. Rafiki yangu mmoja alikuja, akainama mpaka pua ikakaribia reli, akaligusa hilohilo akasema, "Hili ndilo ulilolipatia."

Sijamwambia.